Hesabu hadi kumi, kunja kidole

Mbinu hii ya mbio nimeijaribu wiki hii, imenifaa. Ukikimbia, kuna mahali akili huanza kunung'unika: mbona mbali, mbona jua, si turudi tu. Usibishane nayo, ipe kazi. Hesabu kila mguu wa kushoto unapokanyaga, moja hadi kumi, kisha kunja kidole kimoja na uanze tena. Vidole vyote vikiisha umetimiza mia, yaani hatua 200 za miguu yote miwili, zaidi kidogo ya dakika moja kwa mwendo wa kawaida. Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyekimbia marathoni ya London ya 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, alikuwa akihesabu mpaka mia mara tatu na kujua amemaliza takriban maili moja. Sisi tusivuke kumi: moja hadi kumi ni silabi mbili mbili, zinaingia kwenye hatua vizuri. Jaribu "sabini na saba" uone miguu inavyokuacha.

Inasaidia kwa sababu kuhesabu na kulalamika vinagombania nafasi ileile kichwani, tena unawaza kidole kinachofuata badala ya kilomita zilizobaki. Ila usikaze ngumi, mabega yatapanda. Kwenye barabara ya bodaboda usifanye, maana masikio nayo yanahama. Na kama anayelalamika ni goti au kifua, si uvivu, acha kuhesabu usimame.