Kupima Nguvu ya Mwonekano katika Uamuzi wa Mnunuzi: Mwongozo kwa Mtafiti wa Uzamivu

Swali la kama kifungashio kizuri huuza zaidi ni pana mno na halipimiki. Lipunguze hadi libaki na sifa moja ya mwonekano na kitendo kimoja cha mnunuzi. Kwa mfano, je, kukolea kwa rangi ya kifungashio hubadili uwezekano wa bidhaa kuchaguliwa na mtu anayeiona kwa mara ya kwanza?

Hatua inayofuata ni kuandaa vielelezo, yaani vifungashio utakavyowaonyesha washiriki, na kwa maoni yangu hakuna sehemu ya utafiti inayostahili muda mwingi zaidi. Ukigeuza kifungashio chekundu kuwa cha bluu bila uangalifu, utakuwa umebadilisha pia mwangaza wake na namna maandishi yanavyojitokeza juu yake, na matokeo yakija hutaweza kusema ni kipi kilichomvuta mnunuzi. Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa sanaa wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, aliipanga rangi kwa sifa tatu, yaani aina yake, mwangaza wake na kukolea kwake. Badilisha moja tu, na hizo nyingine mbili uzithibitishe kwa kipimo, kwani jicho la msanifu, hata liwe zoefu, hudanganyika kirahisi. Tumia bidhaa ya kubuni, kwa sababu mazoea ya mtu na chapa anayoijua huweza kuifunika athari ndogo ya usanifu. Wapime pia washiriki uwezo wa kuona rangi, kwa mfano kwa vibao vya Ishihara, ambavyo humtaka mtu asome namba iliyofichwa kati ya vitone vya rangi.

Idadi ya washiriki ikokotolewe kabla ya kuanza. Ukilinganisha makundi mawili na kutarajia athari ya ukubwa wa kati (d = 0.5, yaani tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu), kwa kiwango cha umuhimu wa kitakwimu cha 0.05 cha pande mbili na nguvu ya jaribio, yaani uwezekano wa kuigundua athari iliyopo, ya asilimia 80, unahitaji watu 64 katika kila kundi. Athari ikiwa ndogo zaidi, idadi hiyo hupanda haraka sana.

Usiridhike na hojaji peke yake, maana mtu husifu asichokinunua. Mpe mshiriki nafasi ya kuchagua kweli, na mahali pa bidhaa pachanganywe kwa bahati nasibu kwa kila mshiriki, ili ubora wa nafasi usidhaniwe kuwa ubora wa usanifu. Ukitumia kifaa cha kufuatilia macho, kumbuka kwamba Alfred Yarbus, mtafiti wa Kisovieti wa mwendo wa macho, alionyesha jinsi mtu anavyoitazama picha ileile kwa njia tofauti kulingana na swali aliloulizwa; kwa hiyo maelekezo yawe yaleyale kwa wote, na yafanane na kazi ya ununuzi. Kutazama kwa muda mrefu kunaweza kuwa dalili ya kuvutiwa, lakini pia ya kutoelewa lebo, na ni uchaguzi wenyewe utakaokusaidia kutenganisha mambo hayo.

Kibali cha maadili kitangulie yote haya. Nadharia tete na mpango wa uchambuzi visajiliwe kabla ya data kukusanywa, na jaribio lisipoonyesha tofauti yoyote, liripotiwe hivyohivyo katika tasnifu, pamoja na vipimo vya vielelezo, ili mwingine aweze kulirudia.