Mbasa Mkubwa Ukimnasa, Mrudishe Mtoni Akiwa Hai

Samaki wangu wa kwanza mkubwa wa aina ya mbasa nilimla. Ilikuwa mwezi wa tatu, mto Lufilyo umefurika, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Nikambeba hadi Matema kwa shangazi, nimemning'iniza kwa kamba ya mgomba, kila niliyepishana naye njiani ananisimamisha amtazame. Shangazi alipompasua tumbo, mayai yalijaza bakuli lake la bluu la kuoshea mchele, na mengine yakabaki tumboni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, huyu alikuwa anapanda kwenda kuzaa." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Huwa nalikumbuka lile bakuli kila mshipi unapokaza.

Mbasa huishi Ziwa Nyasa, lakini mayai yake hayatagi ziwani. Mvua zikishika hupanda mitoni, kwetu Kyela ni Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, akatafute sehemu yenye changarawe na maji yanayokwenda kasi. Ukimvua mlangoni mwa mto wakati huo, unamkuta njiani na mzigo wake. Na mzigo wa jike mkubwa si sawa na wa wadogo ukijumlisha uzito wao. Mwaka 2018 watafiti walichapisha hesabu za aina 342 za samaki wa baharini, wakaonyesha kwamba jike akiongezeka uzito mara mbili, kwa aina nyingi nguvu anayotia kwenye uzazi huongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa wazo hilohilo, kule Ziwa Victoria, kwa miaka mingi mvuvi wa sangara aliwekewa mipaka miwili: asichukue wa chini ya sm 50, wala wa zaidi ya sm 85. Mdogo aachwe akue, mkubwa aachwe azae.

Kwa mbasa nimejiwekea kipimo changu mwenyewe, na nimekichora kwa rangi kwenye fimbo ili nisibishane na moyo wangu samaki akiwa mkononi. Chini ya sm 30 anarudi. Kati ya 30 na 40 ni wa sufuria, na wawili wananitosha kwa siku. Akivuka 40 anarudi, hata kama nyumbani wananisubiri. Jirani mmoja wa Mwaya aliniuliza watoto watakula nini nikiachia kitoweo kama hicho. Ni swali la haki, na sitamlaumu mtu ambaye samaki huyo ndiye chakula chake pekee cha siku. Lakini mimi na wengi wanaokuja na fimbo kutoka Mbeya mjini mwisho wa wiki hatuna njaa hiyo. Wawili wa saizi ya kati wanalisha nyumba yangu.

Kumrudisha kunaanzia nyumbani, kabla hujapanda gari. Chukua plaizi ukibane kile kijino cha ndoana kinachozuia isichomoke, kilale kabisa. Ukiukaza mshipi muda wote, samaki hatoki. Ndoana za matawi matatu ziache. Moja inatosha, nayo hutoka bila kuchana mdomo. Mshipi uwe wa nguvu. Wengine hupenda mwembamba ili wacheze na samaki robo saa nzima, lakini maji ya Kyela ni ya joto, na maji ya joto hubeba hewa kidogo. Samaki aliyepigana mpaka akalegea anaweza kuondoka mbele ya macho yako, akafa baadaye usipomwona. Mtoe haraka.

Kwa mbasa natumia chambo cha kipande cha bati kinachong'aa badala ya nyungunyungu. Bati humnasa mdomoni. Nyungunyungu huwa ameshammeza mpaka ndani.

Akifika karibu, ingia majini hadi magotini. Lowesha mikono kwanza, hilo usilisahau kamwe. Ule ulenda unaoteleza juu ya magamba ndio kinga yake dhidi ya magonjwa, na mkono mkavu, kitambaa au mchanga wa moto huubandua. Usimwinue kwa kumshika matamvua, wala usimning'inize kwa mdomo. Mkono mmoja ushike pale mkia unapoanzia, mwingine uwe chini ya tumbo, na yeye awe ndani ya maji wakati unachomoa ndoana kwa plaizi. Kama unataka picha, mwenzako awe na simu tayari kabla. Bana pumzi zako unapomwinua. Ukihitaji kuvuta hewa, naye anahitaji maji.

Kisha mwelekeze kichwa kule maji yanakotoka, mahali penye mkondo mpole. Usimsukume mbele na nyuma kama unavyosuuza nguo, maana maji yakiingia kinyumenyume kwenye matamvua yanamuumiza. Mshikilie tu. Mara ya mwisho nilipofanya hivi Lufilyo, matamvua yalifunguka taratibu, yakafunga, nikahisi uti wake unakaza kiganjani kama kamba inayovutwa. Pezi la mgongoni likasimama. Nilisubiri mpaka mkia ukanipiga mkononi. Huo mkia ndio ruhusa; usimwachie kabla yake.

Samaki wengine wana mambo yao. Kambale anavuta hewa ya juu, kwa hiyo anavumilia sana, ila angalia ile miiba ya mapezi ya ubavuni, nimeona kidole kilichovimba wiki nzima. Perege wa bwawa la Mtera ni habari nyingine: mkubwa kuliko wote mara nyingi ni dume, kwa hiyo usihukumu kwa ukubwa peke yake. Jike wa perege huatamia mayai na vifaranga mdomoni. Ukimtoa na kidevu kimevimba, au akaanza kutema vitu kama punje za mtama, mrudishe hapohapo hata kama ni mdogo. Bwawa la kufugia nalo halifuati sheria ya mto. Perege wakizaana mno wanadumaa, basi vua na wadogo ule bila wasiwasi. Trauti wa vijito vya Mufindi anataka baridi. Jua likiwaka kali mchana, pumzika, ukavue alfajiri.

Na kuna samaki ambaye hupaswi kumrudisha. Akivuja damu kwenye matamvua, huyo mara nyingi haponi, awe na sm 35 au 45. Mchukue, umhesabu kati ya wale wawili. Aliyemeza ndoana hadi ndani lakini hatoki damu, usivute. Kata mshipi karibu na mdomo umwachie. Ndoana ya chuma cha kawaida inaweza kuliwa na kutu, lakini utumbo uliochanika ni vigumu kupona. Na akielea tumbo juu baada ya kumwachia, mfuate, mshike tena umwelekeze kwenye mkondo, hata dakika tano. Nimewahi kukaa na mmoja mpaka miguu ikafa ganzi, akaondoka. Mwingine akakataa mara mbili, nikampeleka kwa shangazi.