Mgeni asije kuhutubia: namna ya kuwakutanisha wanafunzi na watu waliofanikiwa

Siku ya mgeni rasmi inafahamika: meza yenye kitambaa, kipaza sauti kinachokwaruza, wanafunzi 400 wamepangwa juani, na nusu saa ya "someni kwa bidii, hata mimi nilianza kama ninyi". Wakishatawanyika, muulize mmoja wao mgeni anafanya kazi gani. Atakwambia ni mkubwa fulani. Mwongozo huu unahusu ziara ya namna nyingine: mgeni mmoja, darasa moja, kipindi kimoja, na maswali yaliyoandaliwa mapema.

Kumpata anayefaa

Kosa la kwanza hufanyika kwenye orodha. Kamati hukaa, ikataja daktari, mwanasheria na mwenye kampuni, ikafunga kikao. Watu hao hawana ubaya wowote, ila mara nyingi wako mbali mno na mtoto anayewasikiliza. Mwaka 1997 watafiti Penelope Lockwood na Ziva Kunda walionyesha kwamba nyota wa fani humtia mwanafunzi moyo pale tu mafanikio yake yanapoonekana kufikika. Utafiti wa Trang Nguyen wa mwaka 2008 katika shule za Madagaska ulikwenda mbele zaidi: mzungumzaji aliyetoka familia maskini aliwasaidia watoto maskini kupandisha alama kuliko aliyetoka familia tajiri.

Kwa hiyo anza na wahitimu wa shule yenyewe waliomaliza miaka 5 hadi 15 iliyopita. Kisha waulize wazazi wanamfahamu nani: muuguzi, mpima ardhi, fundi umeme mwenye leseni, msimamizi wa ghala. Andika majina mara tatu ya idadi unayoihitaji, kwa maana wengine watakuwa safarini na wengine hawatajibu. Wageni watatu kwa muhula wanatosha. Orodha ikikamilika, ikague: nusu wawe wanawake, na angalau theluthi wawe watu waliofika walipo bila shahada ya chuo kikuu.

Hapo kwa wanawake pana mtego. Nchini Ufaransa, wanawake wanasayansi walipelekwa kwenye shule za sekondari za eneo la Paris kwa ziara ya saa moja, na baadhi ya wasichana wa mwaka wa mwisho walivutwa kuchagua masomo ya sayansi. Ziara zilizofanya kazi vizuri ni zile zilizoonyesha kazi yenyewe bila kukazia mno kwamba wanawake ni wachache humo. Basi mhandisi mwanamke aombwe kuzungumzia uhandisi. Mgeni mwenye ulemavu vivyo hivyo: aalikwe kwa sababu ya fani yake.

Kabla ya kumwalika mtu rasmi, mpigie simu dakika 10 umuulize: "Ni wapi ulikwama, na ukafanya nini baada ya hapo?" Anayejibu kwa methali tupu kwenye simu atajibu hivyo hivyo mbele ya darasa. Unayemtafuta ni yule anayesema, "Nilifeli hesabu, nikarudia mtihani mwaka uliofuata, mchana nilikuwa nabeba vifaa vya fundi." Mtu huyo anaonyesha ngazi, hatua kwa hatua.

Mwaliko

Mkuu wa shule akisharidhia, tuma mwaliko wiki nne kabla. Uwe mfupi na uwe na namba ndani yake:

"Tunaomba utupatie dakika 45 siku ya Jumatano, saa tano kamili asubuhi. Darasa lina wanafunzi 38 wa miaka 15 hadi 17. Hatuhitaji hotuba. Tunaomba dakika 10 za safari yako ya kazi, kifaa kimoja unachokitumia kila siku, na dakika 20 za kujibu maswali. Maswali tutakutumia siku tatu kabla. Mwalimu atakuwepo darasani muda wote."

Kumbusha wiki moja kabla, kisha jioni ya kuamkia siku yenyewe. Suala la nauli lisemwe wazi tangu mwanzo. Mwenye mshahara wa mwezi anaweza kuja bure, lakini fundi anayelipwa kwa siku anapoteza posho ya siku hiyo, na kuona aibu kulitaja ndiyo sababu mojawapo ya wageni "kupata dharura" asubuhi ile.

Maswali ndiyo ziara yenyewe

Tenga kipindi kizima cha maandalizi, siku nne au tano kabla. Waeleze wanafunzi kwa ufupi mgeni ni nani na anafanya nini. Kila mmoja aandike maswali mawili kwenye kipande cha karatasi. Makundi ya watu watano yapitie maswali yao na kutoa matatu bora, kisha darasa lichague 12.

Kazi ya mwalimu hapa ni kunoa. Swali linalojibika kwa "ndiyo" au "hapana" lirudishwe kwa mwenyewe. "Je, unaipenda kazi yako?" halitoi kitu, kwa kuwa hakuna mgeni atakayesema hapana mbele ya watoto. Ligeuzwe: "Jana saa nne asubuhi ulikuwa unafanya nini?" Hapo muuguzi ataeleza dawa alizokuwa anapima, na darasa litaiona wodi. Badala ya "Ulikumbana na changamoto gani?" mwanafunzi aulize, "Ni kosa gani ulilifanya mwaka wako wa kwanza kazini, na nani aliligundua?"

Yapange maswali kwa mtiririko: kazi ya kila siku, njia aliyopitia, alipokwama, kipato, na hatua ya kwanza ambayo mwanafunzi anaweza kuichukua mwezi huu. Kuhusu kipato, wanafunzi watauliza tu, mpende msipende. Kubaliana na mgeni ataje kiwango cha anayeanza kazi hiyo, si mshahara wake mwenyewe. Maswali 12 wapewe wanafunzi 12 tofauti, wakiwemo wakimya. Ukiacha mikono inyooshwe tu, watauliza wale wale watatu wa siku zote.

Siku yenyewe

Panga viti kwa umbo la nusu duara, mgeni akae usawa mmoja na wanafunzi. Mwanafunzi amtambulishe kwa dakika mbili, mgeni asimulie kwa 10, kifaa kichukue nane, maswali 20, na tano za mwisho ziwe za kuandika.

Kifaa msikidharau. Fundi wa kuchomelea akileta vipande viwili vya chuma, kimoja kiungo chake kina mawimbi yaliyolingana, kingine kina vitundu vidogo kama vya sponji, avizungushe kwanza bila kusema neno. Wanafunzi wapapase, wabishane kipi kitavunjika. Akishaeleza kwamba vitundu ni hewa iliyonaswa ndani chuma kikiwa bado cha moto, pengine kwa sababu ya kutu au unyevu ambao haukusafishwa, watakuwa wameelewa kazi yake kuliko picha 20 za ukutani.

Mgeni akizidisha muda, mwalimu aliyekaa nyuma anyanyue kadi iliyoandikwa "DAKIKA 2", jambo mlilokubaliana kabla. Akianza kuuza bidhaa, kupiga kampeni au kuhubiri, mwalimu aingie na swali linalofuata. Darasa likinyamaza, wape dakika moja wanong'one na jirani kisha waendelee. Kama mgeni anazungumza kwa intaneti, kinachoharibu ni sauti zaidi ya picha: jaribuni siku moja kabla, mkiwa kwenye chumba kile kile, na spika ile ile. Na somo la akiba liwepo, maana kuna siku mgeni hatatokea.

Usalama hauna mjadala. Mgeni habaki peke yake na mwanafunzi, mgeni na wanafunzi wasipeane namba za simu, na barua zote zipitie shuleni. Picha zipigwe kwa idhini ya wazazi tu.

Baada ya ziara

Siku moja kabla ya ziara, kila mwanafunzi aandike kwenye kadi kazi tatu anazodhani anaweza kuzifanya, na hatua ya kwanza ya kila moja. Arudie zoezi hilo wiki mbili baadaye bila kuona kadi ya awali. Ukilinganisha, usihesabu wangapi wanataka kazi ya mgeni. Tazama safu ya hatua ya kwanza: palipoandikwa "kusoma kwa bidii" sasa pameandikwa "kuuliza masharti ya kujiunga na chuo cha ufundi"? Kama safu hiyo haijabadilika kwa wengi, ziara ilikuwa burudani, na tatizo huwa kwenye maswali au kwenye uchaguzi wa mgeni.

Barua za shukrani zitumwe ndani ya siku saba, kila moja ikitaja jambo moja mahususi alilolisema mgeni. Katika daftari la wageni andika jina, fani, tarehe, swali lililozaa jibu bora, na kama anafaa kurudi. Mwalimu mratibu akihamishwa, daftari libaki shuleni.