Kupima mlango wa kizazi: nenda ukiwa mzima

Kwenye kikoba chetu hapa Mbagala mimi ndiye ninayewasindikiza wenzangu kupima saratani ya mlango wa kizazi, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, kwani mimi naumwa?" Huumwi, na ndiyo maana nataka uende sasa. Saratani hii huletwa na virusi vya HPV, na mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Vikigoma kutoka, huchukua kama miaka 15 hadi 20 kuleta saratani, au 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu, na miaka yote hiyo husikii maumivu. Damu baada ya tendo la ndoa mara nyingi huja ugonjwa umeshakomaa. Ukiiona, usingoje siku ya kikundi, nenda kesho asubuhi.

Anza ukifika miaka 30. Unayeishi na VVU anza ukiwa na 25, maana hatari yako ni mara 6 ya wengine. Muulize muuguzi wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, siku unayofuata dawa. Aliyeshakoma hedhi aulizie kipimo cha HPV chenyewe, kinachotafuta virusi, kwa sababu sehemu inayotakiwa kuangaliwa huwa imejivuta ndani na siki inayopakwa wakati wa kupima haiionyeshi vizuri.

Chagua siku ambayo huko hedhini. Siku mbili kabla, usishiriki tendo, usijisafishe ndani, na nakuomba sana, usiweke shabu wala dawa yoyote ya kubana. Vitu hivyo huunguza ngozi ya ndani na kumchanganya anayekuangalia. Vaa dera, unalipandisha tu kiunoni na khanga inakusitiri. Beba na pedi. Kama unaona haya kuhudumiwa na mwanamume, sema pale mapokezi uombe nesi wa kike. Usinyamaze halafu ukatoroka foleni.

Kitandani unalala chali, magoti juu. Nesi anaingiza kifaa chenye umbo la mdomo wa bata, kina ubaridi. Ukijikaza kinauma, kwa hiyo shusha makalio, legeza mapaja, pumua kwa mdomo. Akishauona mlango wa kizazi anaupaka siki nyepesi, ya asilimia 3 hadi 5, na kusubiri dakika moja. Itachonyota kidogo. Ngozi yenye afya hubaki na rangi yake ya waridi. Yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Majibu unapewa hapohapo. Muulize waziwazi: "Umeona weupe, au hujaona?" Usiondoke na karatasi usiyoielewa.

Weupe peke yake si saratani. Mara nyingi pale penye weupe huchomwa kwa joto au kugandishwa, kazi ya dakika chache, na vituo vingi humaliza siku hiyohiyo. Majimaji yatakutoka kwa wiki kadhaa, na tendo la ndoa unapumzika mwezi mzima.

Mwezi huo ndio unaoleta maneno nyumbani, kwa hiyo zungumza na mume kabla ya kwenda kupima. Akikuuliza umevitoa wapi virusi, mweleze kwamba HPV huenea sana kwa njia ya kujamiiana na huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, hata tangu kabla hamjaoana. Majibu haya hayamthibitishii mtu yeyote usaliti. Akiwa mgumu, nenda naye, nesi amweleze mwenyewe.

Nesi akitilia shaka saratani, utapewa rufaa ukakatwe kinyama kidogo kipimwe. Rufaa hiyo usiiweke kabatini kungoja mgawo wa kikoba. Tuambie, mfuko wa jamii upo kwa ajili hiyo. Ukiambiwa uko salama, rudi baada ya miaka 3.

Na binti yako wa miaka 9 hadi 14? Chanjo ya HPV siku hizi ni dozi moja. Waulize walimu au zahanati, umpeleke wiki hiyohiyo unayopima wewe.