Kufungia seli za gegedu ndani ya shanga za alginati

Wanafunzi huja na lalamiko moja: shanga zilikuwa nzima jana, leo zimegeuka ute. Jibu liko Hatua ya 4, lakini anza mwanzo.

Kwa anayejifunza viunzi vya gegedu, yaani vishikizo vya kukuzia seli zake, mimi nachagua alginati, jeli itokayo kwenye mwani, kabla ya sponji yoyote ya dukani. Seli za gegedu zikikuzwa juu ya plastiki hujitandaza, zikaanza kutoa protini ya kolajeni ya aina ya I badala ya aina ya II, iliyo ya gegedu. Ndani ya alginati hurudi kuwa duara, na tabia yake ya awali hurejea. Hii ni kazi ya maabara tu. Kwenye goti la mgonjwa kuna viunzi vingine, kama MACI, tiba ya kupandikiza seli za gegedu za mgonjwa mwenyewe iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, ambayo seli zake hubebwa na utando wa kolajeni ya nguruwe.

Hatua ya 1: Alginati. Yeyusha asilimia 1.2 katika maji ya chumvi ya asilimia 0.9, ikorogwe usiku kucha. Ipitishe kwenye chujio. Usiitie kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke: joto hukatakata minyororo yake, jeli ikatoka legelege.

Hatua ya 2: Seli. Zibandue, zihesabu, kisha zisuuze kwa maji ya chumvi, maana maji ya lishe yana kalsiamu na yataleta mabonge. Changanya seli milioni 4 kwa kila mililita ya alginati, polepole, bila viputo.

Hatua ya 3: Kudondosha. Sindano ya geji 22, tone kwa tone, ndani ya kloridi ya kalsiamu ya milimola 102 kwa lita. Ncha isiguse kimiminika, itaziba. Subiri dakika 10.

Hatua ya 4: Kuosha. Mkono uliozoea maabara huenda wenyewe kwenye chupa ya bafa ya fosfeti. Uzuie. Kinachoshikilia ushanga ni kalsiamu iliyofunga minyororo ya alginati pamoja. Fosfeti huinyakua kalsiamu hiyo, na sodiamu hushika nafasi yake bila kufunga chochote. Kwanza utaona ukungu mweupe majini, kisha kingo za ushanga zinafifia, unavimba, unapasuka. Osha kwa maji ya chumvi matupu, nayo usizilaze humo, kwa kuwa hayana kalsiamu ya kurudishia inayopotea. Zikishaoshwa, ziende moja kwa moja kwenye maji ya lishe.

Fosfeti hiyohiyo hujificha kwenye formalini yenye bafa, dawa ya kuhifadhia sampuli. Wengi huvuka salama wiki zote za kukuza, halafu shanga zinawafia siku ya kuziandaa kwa hadubini. Tumia bafa isiyo na fosfeti, na utie kloridi ya kalsiamu katika kila kimiminika kitakachozigusa, pamoja na maji ya kusuuzia rangi. EDTA, kemikali nyingine inayonyakua kalsiamu, isisogee kabisa.

Hatua ya 5: Kukuza. Badilisha lishe kama kawaida, vitamini C ikiwa mbichi.

Hatua ya 6: Kupima. Ukizitaka seli, yeyusha shanga kwa sitreti ya sodiamu ya milimola 55 kwa lita. Ukipima glikosaminoglikani, minyororo ya sukari inayotengenezwa na gegedu, kwa rangi ya DMMB inayoishika, shusha pH hadi 1.5, kwa sababu kwenye pH 3 alginati yenyewe hushika rangi na kukupa gegedu la uongo. Hata hivyo, pitisha na shanga zisizo na seli katika njia ileile, na kinachosomeka humo ukitoe.