Gofu kwenye uwanja wa mapumziko: usiyaamini sana macho yako

Uwanja wa gofu wa hoteli ya mapumziko, ule ambao yeyote akilipa anaingia, hutengenezewa mtu anayecheza leo na ambaye huenda asirudi tena. Mchoraji wake analijua hilo na anataka uondoke na picha kichwani. Ndiyo maana ziwa huwekwa pale pale jicho linapotua, banka (shimo la mchanga) kubwa huchimbwa mbele ya grini, yaani uwanja mdogo wa nyasi fupi wenye shimo na bendera, hata kama kati ya hiyo banka na grini kuna yadi 20 za majani matupu, na feawei, ile njia ya nyasi zilizokatwa kuelekea grini, iliyo pana kabisa hufichwa nusu nyuma ya kilima. Ukiwa kwenye tii, mahali pa kupigia mpira wa kwanza wa kila shimo, unaona balaa tupu. Ukifika mbele ukageuka kutazama ulikotoka, unacheka.

Hendikapu yangu, yaani mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake, hupanda na kushuka karibu na 20, na mara nyingi naenda peke yangu, nikaunganishwa na watu nisiowajua. Mwongozo huu ni wa watu wa aina yangu. Wenye hendikapu ya tarakimu moja wana makocha wao.

Kabla ya kulipa

Unapoweka nafasi, piga simu hata kama umeshajaza fomu kwenye intaneti. Uliza kama kigari cha kuzungukia uwanja na mipira ya mazoezi vimo ndani ya ada. Uliza kama kuna kedi (mbeba fimbo), na kama malipo yake ni ya pembeni. Kisha uliza swali ambalo wageni wengi hawaliulizi: grini zilitobolewa lini? Kila baada ya muda wafanyakazi wa uwanja hutoboa vitobo kwenye grini na kuvijaza mchanga ili mizizi ipate hewa na maji yapenye. Ni kazi ya lazima, lakini kwa wiki moja mbili hivi baada ya hapo mpira hautembei, unadundadunda. Viwanja vingine hupunguza bei kipindi hicho. Vingine hunyamaza mpaka uone mwenyewe.

Kama utakodi fimbo, sema mapema, na sema unatumia mkono upi. Fimbo za mashoto huwa seti mbili tatu tu, na zikishachukuliwa basi. Vaa fulana yenye kola, acha jinzi, na viatu viwe na njumu laini. Mipira beba mingi kuliko unavyodhani inatosha, na isiwe ya ghali. Maji hayajui bei.

Fika saa nzima kabla. Watu hukimbilia uwanja wa mazoezi wakapiga draiva, fimbo ya kupigia mbali, mpaka mabega yachoke, halafu grini ya mazoezi wanaipita tu. Fanya kinyume. Mipira 20 ya kulegeza mwili inatosha, muda uliobaki umalizie kwenye grini ya mazoezi. Tena usihangaike na shimo. Sukuma mpira kutoka hatua 10, kisha hatua 15, uangalie unasimama wapi. Kasi ya grini ni kitu kigeni ambacho mwili wako haujakizoea, na hapo ndipo mahali pekee pa kukijua bila kuandika mikwaju kwenye kadi.

Tii ipi?

Hapa ndipo raundi nyingi huharibika kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Uwanja wa mapumziko huwa na tii nne, tano, hata sita kwa kila shimo, na daima kutakuwa na mtu kwenye kundi atakayesema, "Tumelipa hela yote, tucheze kutoka nyuma tuuone uwanja mzima." Mwache aende. Wewe chukua umbali unaoupiga kwa kawaida na fimbo ya chuma namba 5, zidisha kwa 36, na jibu ndilo urefu wa uwanja unaokufaa. Ukipiga yadi 150, unatafuta tii zenye jumla ya yadi 5,400 hivi. Kwa kawaida namaanisha mpira wa wastani, si ule mmoja wa mwaka jana ulioshuka na upepo mgongoni.

Rangi za tii hazina maana moja kila mahali, kwa hiyo soma namba kwenye kadi. Kwenye kadi hiyo hiyo kuna namba ya slopu, kipimo cha ugumu wa uwanja kwa mchezaji wa kawaida. Uwanja wa wastani ni 113, na kipimo kinaishia 155. Ukiona 135 kwenda juu kwenye tii uliyoichagua, sogea mbele moja. Kutoka tii za mbele ndipo ule upana alioufumba mchoraji unapofunguka: mabanka yaliyokuwa yanakungoja pembeni unayaruka, na ziwa ulilopaswa kulivuka kwa yadi 170 unalivuka kwa 120.

Watu usiowajua

Ukija peke yako utaunganishwa na kundi. Amkia, taja jina lako, sema unacheza kutoka tii gani, na uangalie mpira wa kila mtu unakoangukia kana kwamba ni wako. Hilo la mwisho ndilo litakalokupa marafiki. Usimfundishe mtu ambaye hajakuomba, hasa mume au mke wa mtu.

Mkubaliane tangu mwanzo kwamba aliye tayari anapiga, bila kungojea nani yuko mbali zaidi na shimo. Kanuni zenyewe zinaruhusu hivyo kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, na zinashauri mtu asizidishe sekunde 40 zamu yake ikifika. Piga hesabu: watu wanne wenye mikwaju 95 kila mmoja ni mikwaju 380. Kila mmoja akipoteza sekunde 20 za ziada kwenye kila mkwaju, kundi limepoteza zaidi ya saa mbili. Saa mbili! Chagua fimbo wakati mwenzako anapiga. Alama andika ukiwa kwenye tii inayofuata, maana mkisimama kuandika kwenye grini kundi la nyuma linasimama nanyi.

Na ujue pa kuachia. Kwa hendikapu, alama ya juu kabisa inayohesabiwa kwa shimo ni pa (mikwaju iliyopangiwa shimo hilo) jumlisha mikwaju miwili, jumlisha mikwaju ya hendikapu unayopewa shimo hilo. Ukiifikia hiyo na bado uko kwenye mchanga, okota mpira, tia mfukoni, tazama mandhari. Umelipia pia mandhari.

Kigari

Mtu mzima anayeendesha gari kila siku haamini kwamba kigari kina kanuni zake, mpaka kimzimikie. Viwanja vingi vya namna hii vimefunga vigari mfumo wa setilaiti: ukikisogeza karibu na grini au kwenye eneo lililokatazwa, kinapunguza mwendo au kinakataa kwenda mbele, na unabaki kurudi kinyumenyume watu wakikutazama.

Asubuhi uliza kanuni ya siku. Kuna siku vigari havitoki njiani kabisa, kwa sababu ardhi imelowa. Siku hiyo, unaposhuka kuufuata mpira wako ulio upande wa pili wa feawei, beba fimbo tatu na ile ya kusukumia. Anayebeba moja atarudi kigarini kufuata nyingine, na kila akirudi kundi zima linangoja. Siku nyingine ruhusa ni ya pembe mraba: unafuata njia mpaka uwe sambamba na mpira, unakata kuelekea kwake moja kwa moja, unapiga, unarudi njiani vilevile.

Mkiwa wawili kwenye kigari kimoja, mshushe mwenzako kwenye mpira wake na fimbo zake, wewe uende kwenye wako. Na ukifika grini, kiegeshe upande wa tii inayofuata, si mbele ya grini. Kwenye viwanja hivi umbali kutoka grini hadi tii inayofuata unaweza kuwa mrefu ajabu, maana nyumba na majengo ya hoteli yamejipenyeza katikati.

Maji, vigingi, na nyumba za watu

Utapiga majini. Tuseme hivyo tuendelee. La muhimu ni kujua rangi ya kigingi kinachoonyesha mpaka wa eneo, kwa sababu ndiyo inayokupa njia ya kutoka.

Vigingi vyekundu vina huruma. Kwa adhabu ya mkwaju mmoja unaweza kurudi ulikopigia, au kurudi nyuma kwenye mstari unaounganisha bendera na pale mpira ulipovukia mpaka wa eneo, au kudondosha mpira ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipovukia, bila kusogelea shimo. Vya njano vinakupa njia mbili za kwanza tu. Ile ya fimbo mbili pembeni haipo. Unadondosha kutoka usawa wa goti. Ya bega iliondolewa mwaka 2019. Mpira ukiwa ndani ya vigingi lakini unapigika, upige bila adhabu, na tangu mwaka huo huo unaruhusiwa kugusisha fimbo ardhini humo.

Vigingi vyeupe ndivyo vibaya. Ni nje ya mpaka, na mara nyingi ni ua wa nyumba ya mtu. Adhabu ni mkwaju mmoja na kurudi ulikopigia. Usiruke ua kufuata mpira. Ukihisi tu umetoka, tangaza kwa sauti kwamba unapiga mpira wa akiba, upige kabla ya kuondoka hapo, kisha ndipo uende kutafuta. Muda wa kutafuta ni dakika tatu. Viwanja vingi vya mapumziko vimeweka kanuni ya ndani kwa mchezo wa kawaida: badala ya kurudi nyuma, unadondosha kwenye feawei usawa wa pale mpira ulipopotelea, kwa adhabu ya mikwaju miwili. Haipo mpaka uwanja uiweke, kwa hiyo geuza kadi usome nyuma yake kabla ya shimo la kwanza. Mimi naipenda sana kanuni hii. Imeokoa jioni nyingi.

Unapolazimika kuvuka maji, usiulize bendera iko umbali gani. Uliza ukingo wa pili wa maji uko umbali gani, kisha chagua fimbo inayoupita kwa yadi 15 hata ukiugonga mpira vibaya kidogo. Na usisahau kutazama kama kuna njia ya pembeni. Karibu kila mara ipo, imefichwa tu na kichaka kilichopandwa kwa makusudi.

Shimo la 17 la TPC Sawgrass, Florida, uwanja uliofunguliwa mwaka 1980 na ambao mgeni anaruhusiwa kuucheza, ni darasa zuri. Grini imezungukwa na maji, na umbali hata kwenye tii za mashindano ni yadi 137 hivi. Kwa wachezaji wengi hiyo ni fimbo fupi. Ukiiweka grini ile ile katikati ya majani makavu, watu wataishukia bila kufikiri. Jicho likiona maji, mikono inabana fimbo.

Kwenye grini

Lenga katikati. Grini za viwanja hivi ni kubwa, na bendera ikiwekwa pembeni karibu na banka, imewekwa kukutamanisha. Skrini ya kigari inakupa namba. Hakikisha kama ni ya bendera au ya katikati ya grini, kwa maana kwenye grini ndefu tofauti inaweza kuwa fimbo mbili. Shimo likiteremka sana kutoka tii, kadiria kupunguza yadi moja kwa kila yadi moja ya mteremko.

Nyasi zikikung'alia mbele yako, zimelala kuelekea shimo na mpira utakimbia. Zikionekana nzito na za giza, zinakujia wewe, ongeza nguvu. Ukiwa na kedi, muulize mteremko unaelekea wapi, kisha umwamini, hata kama macho yako yanapinga. Yeye ameuona mpira ukishuka hapo mara nyingi kuliko wewe utakavyowahi. Rekebisha shimo lililochimbwa na mpira wako ulipotua, na la jirani. Banka sawazisha kwa reki kabla ya kutoka.

King'ora kikilia kwa sababu ya radi, acha mpira ulipo na uondoke mara moja. Usimalizie mkwaju, usijikinge chini ya mti. Kigari cha kawaida chenye paa hakikukingi na radi.

Baada ya shimo la 18, vueni kofia mpeane mikono, kisha kabla hujamkabidhi mtu kigari, hesabu fimbo. Inayopotea karibu kila mara ni weji, fimbo ya mikwaju mifupi, kwa sababu unaiweka chini pembeni ya grini uchukue ya kusukumia. Kama haipo, usirudi mwenyewe uwanjani ukipishana na makundi. Mwambie msimamizi ni shimo lipi uliitumia mara ya mwisho; atawasiliana na kundi la nyuma yako, na mara nyingi wanakuja nayo. Za kukodi zihesabu unapopokea pia, mbele ya aliyekupa.