Somo: Kusoma nasaba ya kuukeni (upande wa mama) ya farasi wa mbio

Somo hili linamfaa anayetaka kumpima farasi jike wa Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio, kabla ya kumnunua au kumpandisha. Uwe na ukurasa wa katalogi ya mnada, daftari la nasaba na karatasi yenye mistari.

Hatua ya 1: Andika mstari. Mama, bibi, mama wa bibi, kisha mama wa huyo. Kila jina lifuatwe na mwaka wa kuzaliwa na nchi, maana majina ya farasi hurudiwa na ukikosea jina moja umeingia ukoo wa farasi mwingine. Pembeni andika mgawo wa urithi: mama nusu, bibi robo kwa wastani, wa tatu asilimia 12.5, wa nne 6.25. Baba wa mama hayumo katika mstari huu. Mpe safu yake mwenyewe.

Hatua ya 2: Hesabu watoto wote. Hapa ndipo wengi huteleza. Katalogi husema "mama wa washindi 4" na kunyamaza kuhusu watoto ambao hawakuwahi kuonekana uwanjani. Jike hubeba mimba takriban miezi 11 na huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, kwa hiyo fungua mstari mmoja kwa kila mwaka tangu alipoanza kupandishwa. Jaza dume, jinsia ya mtoto, kama alikimbia, kama alishinda, na kama ana herufi nene, yaani alishinda au alishika nafasi za mbele katika mbio za Daraja la 1 hadi la 3 au zile zilizoorodheshwa chini yake. Mwaka ambao hakushika mimba, au mimba ilitoka, uandike pia. Watoto ambao hawajatimiza miaka 3 usiwaingize kwenye kigawanyo, yaani idadi ya watoto unayogawia washindi, kwani hawajapata nafasi ya kutosha.

Mfano: jike A ana watoto 9 wa umri huo, 6 wamekimbia, 4 wameshinda, 1 ana herufi nene. Jike B ana watoto 4, wote wamekimbia, 3 wameshinda, 1 ana herufi nene. Kwenye ukurasa A huonekana mnene zaidi, lakini mimi ningemchukua B. Watoto 3 wa A ambao hawakukimbia wanahitaji maelezo: miguu, mapafu, au ajali tu? Uliza, kwa sababu miguu dhaifu huweza kurithiwa na ajali hairithiwi.

Hatua ya 3: Tazama madume aliyopandishwa. Jike aliyepelekwa kwa madume bora kila mwaka anatarajiwa kuzaa washindi. Anayestahili heshima ni yule anayezaa farasi wazuri kwa madume tofauti. Urban Sea, mshindi wa mbio kubwa za Ufaransa za Arc de Triomphe za 1993, alimzaa Galileo kwa Sadler's Wells, kisha Sea The Stars kwa Cape Cross, na wote wawili wakashinda mbio za Derby za Epsom, Uingereza, 2001 na 2009. Mama yake, Allegretta, ndiye pia aliyemzaa King's Best, mshindi wa mbio ziitwazo 2000 Guineas mwaka 2000. Mama na bibi wakifanya kazi namna hiyo, huna haja ya kwenda mbali.

Hatua ya 4: Pima umbali wa sifa. Angalia herufi nene zinaanzia wapi. Ukurasa ukijaa kwa mama na bibi pekee, huo ni ukoo ulio hai. Mama akiwa na mistari miwili, kisha sifa zote zikaja chini ya jike wa tatu na wa nne, katalogi inajaziwa nafasi.

Hatua ya 5: Tafuta majike yanayojirudia. Chora vizazi vitano kwa baba na mama. Dume Danehill ni mfano mzuri: baba yake Danzig ni mwana wa Northern Dancer, aliyezaliwa na Natalma; mama wa Danehill, Razyana, ni binti wa Spring Adieu, naye alizaliwa na Natalma huyohuyo. Hiyo huandikwa 3x3, yaani Natalma yumo kizazi cha tatu pande zote mbili. Damu ya Natalma imepita kwa mwana upande mmoja na kwa binti upande wa pili, si kwa mtoto mmoja mara mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, kwenye mnada nikimwona mtoto wa baba mmoja na bingwa, si ndugu yake?

Jibu: Katika lugha ya nasaba za farasi, la. Dume moja huweza kupata watoto zaidi ya 100 kwa mwaka. Undugu wa nusu hutajwa kwa waliochangia mama tu.

Swali: Namba za koo za Bruce Lowe bado zina maana?

Jibu: Zinafaa kama anwani. Lowe, Mwaustralia, alizipa koo za kuukeni namba mwishoni mwa karne ya 19 kwa idadi ya washindi wa mbio za Derby, Oaks na St Leger za Uingereza, kwa hiyo ukoo wenye majike wengi ulipanda juu. Mama wa kizazi cha 10 huchangia wastani wa sehemu 1 kwa 1,024. Kinachoshuka kizima kuukeni ni DNA ya mitokondria, na hiyo ina jeni 37 tu. Usilipie namba.

Swali: Mama hakuwahi kushinda. Nimwache?

Jibu: Usimwache kwa hilo pekee, ndugu. La Troienne hakushinda mbio hata moja, akawazaa mabingwa Black Helen na Bimelech. Somethingroyal alikimbia mara moja tu, naye ndiye mama wa Secretariat, bingwa wa Marekani. Mama asiye na rekodi apimwe kwa dada zake na kwa watoto wake wa kwanza watatu au wanne.

Swali: Na ile habari kwamba moyo mkubwa wa farasi wa mbio hurithiwa kupitia kromosomu X?

Jibu: Ni dhana, haijathibitishwa. Kilicho hakika ni njia ya X yenyewe: dume huipokea kwa mama yake na kuwapa mabinti tu. Ukichora njia yako ikapita baba na mwana wakifuatana, ifute. X haikupita hapo.